Minazi ya Massoud Kwenye Pwani ya Makumbi

Jumamosi, 20 Februari 1954

Wazungu watakuja kukaa Mkadini, na anayewaleta ni Massoud, mwanangu wa kumzaa. Basi, nimeshasema, roho imetulia. Sasa bismillahi, nianze taratibu kama mtu aliyefundishwa.

Daftari hili kanipa yeye. Alishuka Kigombe kwenye basi la Pangani, akaja pwani kwa pwani, suruali kaikunja na viatu mkononi, na bado watu walitoka milangoni kumtazama. Karani wa kampuni huyo. Kampuni yao ya mjini Tanga inatafuta pahali pa kujenga nyumba za wageni, za makuti kwa nje lakini ndani zina vyoo vya kuvuta maji, ili Wazungu wa mashamba ya mkonge na wa Nairobi wawe wanakuja kuogelea na kulala. Walikwenda Moa, wakaona mbu wengi. Walikwenda Kigombe, wakaona kelele za mnadani. Ndipo mwanangu akawaambia, "Na kwetu mmepaona?" Wakamwuliza kwenu ni wapi. Mkadini. Hakuna aliyepajua ofisini. Massoud anasema mkubwa wake alifurahi kwa hilo hasa, kwamba hapajulikani.

Nikamwuliza, hapajulikani na nani? Miye napajua.

Nimesema na nitasema tena, kuanzia Moa hata Pangani hakuna mchanga kama wetu. Ukiangusha sindano majini unaiona ilipolala. Pweza wetu wakifika Tanga watu huuliza wametoka wapi. Wabaya wetu watasema pananuka. Pananuka makumbi ya nazi yanayooza, ndiyo, upande mmoja tu, na ni harufu ya kazi.

Herufi hizi za Kizungu alinifundisha Massoud mwenyewe alipokuwa darasa la nne, maana miye nilijua za Kiarabu za chuoni tu. Leo kaniambia niandike mambo yote ya masika haya, kwa kuwa kijiji kitabadilika na watu watataka kujua kilikuwaje. Mwanamke gani mwingine hapa ameambiwa maneno hayo na mwanawe?

Jumatatu, 22 Februari

Jua kali. Wanu hakuniitikia salamu yote, ameitikia nusu.

Alhamisi, 25 Februari

Nieleze habari ya Wanu, kwa sababu mtu akisoma hapa mbele atauliza. Wanu ni jirani yangu, mlango kwa mlango. Ana binti, Sabiha, msichana mzuri sina la kumtoa, na kwa miaka Wanu alikuwa ananiita mkwe kwa mzaha akitaraji nitaitika kwa kweli. Sikuitika. Massoud alipopata ukarani nikaona asubiri kwanza, mjini kuna wengi. Tangu hapo salamu ni za nusu nusu.

Leo tulikuwa pwani tukiyatazama makumbi. Masimba ya pweza, matundu wanamojificha, nayajua, lakini kazi yetu wanawake wa Mkadini hasa ni hii. Maganda ya nazi tunayafukia kwenye tope la pwani, tunayakandamiza kwa mawe, bahari inayapitia miezi na miezi mpaka yanaoza laini. Kisha tunayafukua, tunayaponda, tunatoa usumba, nyuzi zake, tunasokota kamba. Kila mwanamke ana shimo lake na kila shimo lina mawe yake. Langu nilirithi kwa mkwe wangu, Mungu amrehemu, maana sisi wa kwetu tulitoka Pemba na hatukuja na shimo. Pwani nyingine za karibu ni mwamba au mikoko. Tope linalooza makumbi vizuri ni hilo tu, mbele ya kijiji. Safari hii tutayafukua bamvua ya Shaabani, mwezi ukijaa na maji yakipwa mbali, kamba ziuzwe kabla ya Ramadhani, maana futari haiji kwa kutazamwa.

Wanu akasema, akiwa ameinama hakunitazama, "Hao Wazungu wa mwanao wataogea wapi?"

"Bahari ndogo kwako, shoga?"

"Bahari kubwa. Pwani ndiyo hii."

Wivu.

Jumapili, 28 Februari

Amekuja msimamizi wa kampuni pamoja na Massoud. Anaitwa Bwana Zebedayo, mtu wa milimani huko Usambara, Mluteri, zamani alikuwa mnyapara kwenye mkonge. Kavaa kofia ya pama. Nilipika pweza wa nazi, wali, mkate wa kumimina, na chai ya tangawizi, kwa hiyo kama kampuni itasema haikupokewa itakuwa imesema uongo.

Sasa niandike ninayoyafikiri, maana daftari halina mdomo. Bwana huyu ana mvi mpaka masikioni, kanipita umri kwa wazi, na bado aliniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba, nifanyeje, lakini nilihisi kama mtu aliyepewa chenji kupita kiasi akajiuliza kwa nini.

La pili. Wageni wote wanaofika hapa hutazama bahari kwanza. Huyu aliipa bahari mgongo akasimama anatazama nyumba zetu.

La tatu. Alisifu mchuzi, akauliza nazi imetoka mnazi gani, na mnazi ni wa nani, na mwenyewe yuko wapi. Nikacheka nikasema, "Baba, kula kwanza, mnazi haukimbii." Naye akacheka. Lakini jibu alilingoja.

Jumbe wetu Mzee Mjaka alikaa naye barazani mpaka alasiri wakivuta sigara za bwana. Mjaka ukimpa sigara atakuonyesha hata alipozikwa paka wa babu yake.

Hata hivyo Massoud alipendeza. Alikuwa anaeleza kijiji kama anakisoma: hapa maji matamu ya kisima, hapa kivuli, hapa samaki wabichi kila siku, hapa watu wapole. Aliposema watu wapole alinionyesha miye.

Jumanne, 2 Machi

Hakuna jambo. Kuku wa Wanu kaingia jikoni kwangu, nikamrudisha kwa adabu.

Jumapili, 14 Machi

Massoud amekuja peke yake, na jembe kalitaka kabla ya chai. "Mama, nataka miche ya minazi kutoka kitaluni kwako."

"Chukua."

"Mingi."

"Chukua yote, mwanangu. Nimeiotesha kwa ajili ya nani?"

Na miche yangu si ya kuokota. Mbegu nazichagua kwenye ule mnazi ulio nyuma ya nyumba, nazi zake nzito kama mawe ya kinu. Watu huja kuniomba.

Nilidhani ataipanda shambani juu, kwenye udongo. Kaipanda pwani. Mstari mmoja mrefu, pale mchanga unapokutana na tope, juu kidogo ya mashimo yetu ya makumbi, kuanzia kwenye ile miti ya mikadi iliyokipa kijiji jina mpaka kwenye jiwe la kuanikia usumba. Na kaipanda karibu karibu. Nikamwambia minazi haipandwi hivyo, ikikua itanyang'anyana maji na makuti yake yatapigana.

"Ni kwa ajili ya kivuli cha wageni, mama. Na kupendeza."

"Mgeni atapigwa na nazi kichwani utamwambia ni kupendeza?"

Kacheka. Watu walisimama kutazama, na hakuna aliyemkataza. Angekuwa mgeni anapanda mnazi hapa, hata shimo la kwanza asingelimaliza, maana kwetu mgeni hupanda mihogo na mahindi, mti wa kudumu hapandi. Lakini huyu ni Massoud, kazaliwa hapa, kitovu chake kiko hapa. Na wengine walimsifu, wakasema kijana anakumbuka kwao. Nilisimama kanga kiunoni nikasikiliza sifa zote, sikuikatiza hata moja.

Jumatano, 17 Machi

Mvua haijafika. Namwagilia miche ya Massoud asubuhi na jioni, ndoo kichwani. Wanu kapita na kapu lake.

"Shoga, unamwagilia ugomvi."

"Namwagilia minazi ya mwanangu. Ya wanao iko wapi?"

Akashika njia yake. Najua nilimchoma, wanawe wa kiume wote wawili walikufa wadogo. Nimeandika hapa, na kesho nitampelekea vitumbua.

Alhamisi, 18 Machi

Vitumbua kavipokea. Kasema ahsante nzima.

Jumatatu, 22 Machi

Masika imeingia kwa radi. Jikoni kunavuja. Miche inakunywa bila ndoo yangu.

Jumapili, 28 Machi

Wazungu wamekuja. Mume na mke, na Bwana Zebedayo, na Massoud akiwafasiria. Kijiji kizima kilioga. Nilivaa kanga za Idi na nikawapa madafu niliyoyachagua mwenyewe. Mwanamke yule alikunywa dafu lote akasema kwa Kiswahili, "Nzuri sana," nami nikamwambia anajua kusema, akafurahi.

Kisha wakashuka pwani. Upepo ulikuwa unatoka upande wa makumbi. Yule mama akatoa kitambaa akakiweka puani. Simlaumu, hata Massoud alipokuwa mdogo alikuwa anakimbia. Lakini nilikuwa nimewafuata nyuma na chombo cha halua, na nikamsikia Bwana Zebedayo akimwambia Massoud kwa Kiswahili, polepole, "Mwambie hii itakwisha."

Nikauliza, "Nini kitakwisha, baba?"

Akageuka na meno yake yote. "Taabu zenu, mama."

Massoud alikuwa anatazama viatu vyake. Mtoto niliyemzaa, nalijua hilo jicho la chini. Alikuwa nalo alipokula maandazi ya arobaini ya baba yake kabla ya khitima kusomwa.

Nimejaribu kulala mchana nikashindwa. Labda ni harufu ndiyo itakwisha, kuna dawa mjini. Labda ni njaa. Neno hilo linaweza kuwa lolote.

Alhamisi, 1 Aprili

Mvua. Nimesokota kamba za mwaka jana zilizobaki. Nimemwuliza Sabiha, binti Wanu, kama mama yake amesikia lolote. Kasema, "Mama anasema yeye hana karani." Ulimi wa nyumba ile.

Jumanne, 6 Aprili

Leo nimeona kitu.

Mvua ilikatika asubuhi, nikaenda kutazama mawe ya shimo langu. Nikamkuta Bwana Zebedayo pwani, Massoud hayupo, yuko yeye na Jumbe Mjaka. Mtu mzima, na kofia yake na viatu vyake, anaburuta kuti kavu la mnazi mchangani. Kuti zima, refu, la mnazi mkubwa. Analilaza, shina lake kwenye mche wa Massoud na ncha kuelekea baharini. Anatazama limefika wapi. Anachomeka kijiti. Anahamia mche wa pili, analilaza tena. Vijiti vyote vilisimama upande wa pili wa mashimo yetu. Shimo langu ndani, la Wanu ndani, yote ndani.

Nikamwamkia. Nikamwuliza anafanya nini.

"Napima kivuli, mama."

"Kivuli cha mche ulio sawa na goti langu?"

"Utakua, mama, utakua. Shikamoo."

Ananipa shikamoo kwa kuaga. Miye sijawahi kuona.

Mjaka hakunitazama. Kumuona Mjaka amenyamaza ni kama kumuona mbuzi amekataa majani. Walipoondoka nikaviondoa vijiti vyote nikavichoma kwa kuchemshia chai. Chai ilikuwa na ladha mbaya.

Ijumaa, 9 Aprili

Baada ya sala ya Ijumaa nimempelekea Mjaka mkate wa kumimina, ule wa mayai mengi. Nikakaa na mkewe kwanza, nikauliza hali za wajukuu, nikangoja ale kipande cha pili. Naandika maneno yetu kama yalivyokuwa, kwa sababu nataka nikiyasoma kesho nisijidanganye.

Nikasema, "Jumbe, lile kuti la juzi lilikuwa la nini?"

"Ah, Mama Massoud. Mambo ya maendeleo."

"Nieleze maendeleo, nami nimesoma kidogo."

Akafuta mdomo. "Niliulizwa desturi, nikaisema desturi. Sikusema uongo."

"Desturi gani?"

"Hii unayoijua. Mwenye mnazi ana haki mpaka linapoangukia kuti. Chini ya kuti lake hajengi mtu, hafukii mtu, ila kwa ruhusa yake. Bwana akaniuliza ile minazi ya pwani ya nani. Nikamwambia ya Massoud bin Haji, mtoto wa hapa. Akauliza, Massoud akimwuzia mtu mwingine? Nikamwambia mnazi huuzwa siku zote, na anayenunua mnazi hununua na kuti lake. Huo ni uongo?"

"Si uongo. Na anamwuzia nani?"

Akakitazama kipande cha tatu, hakukigusa. "Mama Massoud, nilidhani unajua. Jumatatu ya Pasaka yao wanakuja wote, mkubwa wa kampuni kutoka Nairobi na Wazungu wengine. Massoud atasimama kwenye minazi mbele ya watu, atawakabidhi. Jumbe lazima niwepo. Nimeambiwa kutakuwa na soda."

Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma nisikutane na mtu.

Sasa mstari ule wa miche nimeuelewa, na ukaribu wake nimeuelewa. Kuti litagusana na kuti kutoka mikadi mpaka jiwe la kuanikia, na chini yake hapatafukiwa kumbi hata moja. Mgeni hawezi kupanda, basi akatafuta mkono wa mwenyeji umpandie. Mkono wenyewe niliuzaa miye. Na maji niliyamwaga miye.

Nimejiuliza kama Massoud anajua. Labda wamemdanganya, labda anafikiri ni kivuli kweli. Nimegeuza hivi na hivi. Halafu nakumbuka lile jicho la chini. Bwana Zebedayo ni mtu wa milimani, desturi ya kuti la Mkadini ataijulia wapi mpaka afike hapa akiwa na maswali yake tayari? Lazima kuna aliyemweleza ofisini, mezani, kwa maneno mazuri, kama anasoma.

Nimemshuku Wanu miezi miwili kwa sababu alinyima salamu. Aliyestahili kushukiwa alikuwa anakula wali wangu, na nimemzaa miye.

Jumapili, 11 Aprili

Sikwenda pwani. Mvua, na kichwa.

Jumanne, 13 Aprili

Nimekwenda kwa Wanu. Nilipita mlangoni kwake mara kadhaa nikijifanya natafuta kuku, mpaka Sabiha akasema, "Bi Mwanakhamis, kuku wako wote wamo bandani, ingia tu."

Nikamweleza Wanu yote. Nilitaraji acheke. Hakucheka, alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

Akasema, "Nilijua tangu kile kivuli. Mwanaume hapandi mnazi kwa ajili ya kivuli."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukaniuliza minazi ya wanangu iko wapi."

Nikakaa nikamsaidia kuchambua. Hata miye nina pa kunyamazia.

Baadaye akasema, "Tukaing'oe. Usiku watu wamelala."

"Tukaing'oe kama wezi? Jumatatu Massoud atasema minazi yake imeibwa, Mjaka atasema ni kweli, na kampuni itapata kesi pamoja na pwani."

"Minazi yake." Akaweka ungo chini. "Miche ilikuwa ya kitaluni kwako, siyo?"

"Yangu."

"Alikupa nini?"

"Alinipa nini kivipi? Ni mwanangu. Alisema anataka miche, nikamwambia chukua."

Wanu akanitazama, na usoni pakaja kitu ambacho sijakiona tangu tulipokuwa tunacheza naye unyago. Naandika sababu. Kwetu anayechukua mche kwenye kitalu cha mtu humpa mwenyewe kitu cha mkono, hata samaki mmoja, hata tumbaku ya kutafuna, na mwenyewe akikipokea, mti umetoka kwake. Asipopewa, mti ni wake popote ulipopandwa. Wote wanaoniomba miche wananipa. Aliyechukua bila kutoa ni Massoud peke yake, kwa sababu nani atamdai mwanawe kitu cha mkono? Yeye hakukumbuka kutoa wala miye sikukumbuka kutaka.

"Minazi ile ni yako, Mwanakhamis," akasema Wanu. Hajaniita jina langu muda mrefu. "Kuti ni lako. Mwanao anakabidhi mali ya watu."

Nilipaswa kufurahi. Nilimwomba maji ya kunywa.

Jumatano, 14 Aprili

Mvua kutwa. Nimemwambia Wanu asimwambie mtu bado. Nataka kumwona Massoud kwanza, macho kwa macho. Huenda nimemkosea.

Ijumaa, 16 Aprili

Leo Wakristo hawafanyi kazi, ofisi imefungwa, na Massoud amekuja. Kaja na sukari, majani ya chai, na doti ya kanga imefungwa kwa karatasi ya dukani.

Siku zote Massoud akiniletea kitu hukitupa kitandani akasema njaa inamuuma. Leo kasimama katikati ya chumba, kaishika doti kwa mikono miwili kama mtu anayetoa mahari, kasema, "Mama, pokea."

Na mlangoni kasimama Jumbe Mjaka kama shahidi, anatazama mawingu.

Nilikuwa nakanda unga. Kanga ilikuwa nyekundu na nyeusi, rangi ninazozipenda, na yeye anajua ninazipenda.

Nikasema, "Iweke kitandani."

"Nataka uishike, mama."

"Mikono ina unga."

"Nitangoja unawe."

Mjaka akakohoa. Nikamwambia, "Jumbe, ama karibu chai ama nenda salama, hapo mlangoni unanizibia mwanga." Akaondoka. Ana haya yake, Mjaka, ukiitafuta.

Tukabaki wawili. Massoud akaketi, kanga mapajani.

"Nani kakwambia?"

"Weye. Tangu lini unanipa kitu mbele ya jumbe?"

Kisha akaanza kusema, na alisema vizuri, siwezi kumnyima hilo. Kwamba watamfanya msimamizi wa nyumba zote. Kwamba nitajengewa nyumba ya mawe na bati. Kwamba vijana wa hapa watapata kazi badala ya kukimbilia mkonge. Kwamba kamba za usumba zinakufa. "Kamba za mkonge zimejaa madukani, mama. Miaka kumi ijayo nani atanunua ya makumbi? Utakaa kitini, utaletewa chai."

"Na Wanu atakaa wapi?"

"Wanu hakupendi."

"Sikukuuliza ananipenda. Nimekuuliza makumbi yake atafukia wapi."

Nikamwambia, labda ni kweli kamba zitakufa, miye sijui ya miaka kumi. Lakini neno hilo ungekuja kutuambia pwani, mchana, wanawake wote tumekaa, tukukatalie au tukukubalie. Hukuja. Ulikuja na jembe.

"Nimeshawapa neno langu, mama. Mkubwa anatoka Nairobi. Utaniaibisha mbele yao?"

"Uliwapa neno lako kwa miche yangu."

Akainamisha kichwa. Nilitaka kumshika kichwa kile. Nilikuwa na unga mpaka viwikoni na sikunawa, kwa sababu ningenawa ningeipokea ile kanga.

Nikasema, "Jumatatu nitakuwa pwani tangu asubuhi. Ukitaka kusimama na miye utakuja na jembe. Ukitaka kusimama nao utakuja na viatu."

Kaondoka bila kula, kaenda kulala kwa ami yake. Doti kaiacha kitandani. Nimeifunika kwa mkeka. Sijalisoma jina lake, nisije nikalipenda.

Jumamosi, 17 Aprili

Mbingu imesafika. Mwezi umekaribia kujaa, na Jumatatu hiyohiyo waliyoichagua kampuni kwa Pasaka yao ndiyo bamvua yetu ya Shaabani, siku ya kufukua. Bwana Zebedayo kapima kila kitu Mkadini isipokuwa maji.

Wanu na Sabiha wamepita nyumba hadi nyumba, na Wanu akipita watu wanajua si mchezo. Tumekubaliana hivi. Miche haing'olewi hata mmoja. Kila mwanamke atasimama kwenye shimo lake, na kwa mche ulio juu ya shimo lake atanipa kitu cha mkono, nami nitapokea, mbele ya Jumbe Mjaka, mbele ya mkubwa wa Nairobi na wote watakaokuja kushuhudia. Mashahidi watajileta wenyewe, kwa basi lao. Hapo kila mmoja atakuwa na mnazi wake, na kuti la mnazi wake litafunika shimo lake mwenyewe, na anayetaka kulifukuza shimo aanze na mwenye kuti. Kisha tutafukua makumbi, na wageni wasimame upande wa upepo wakipenda.

Wanu kauliza yeye anipe nini. Nikamwambia chochote. Kasema ataniletea yule kuku anayeingia jikoni kwangu, amechoka kumfuata.

Na Wazungu wakitaka kulala Mkadini, sisemi wasije. Huku kwenye mikadi pana nafasi, na madafu nitawachagulia miye, na yule mama aliyesema nzuri sana atasema tena. Waje kwa kubisha hodi. Tena aliyewaonyesha Mkadini bado ni mwanangu, na hilo nitalisema mbele yao kwa sauti, awe amesimama upande gani.

Sijui atasimama upande gani. Ami yake anasema jana na leo hakutoka nje. Jembe lake nimelitia mpini mpya, nimeliegemeza mlangoni.

Nimewapelekea habari na jamaa wa Kigombe. Watu wote, wenye majembe na wenye viatu, ni Jumatatu, tarehe 19, asubuhi maji yakipwa.